Ameugusa au Hakuugusa? Waamuzi Wakitofautiana, Sisi Tusigombane

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha chungu nzima, na wengine wetu tumejipatia alama nzuri kwayo. Lakini ufa wenyewe ukitokea mbele ya macho yetu, hatuuoni ng'o! Mimi niliuona ufa wa shule yetu jioni moja mwaka jana, nikiwa nimeshika kibendera mkononi, na ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe nafasi katika jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili nipate kutoa dukuduku langu.

Ninalotaka kusema ni fupi. Waamuzi wa mchezo wanaweza kutofautiana juu ya sheria moja bila ya yeyote kati yao kuwa amehongwa, wala kuwa anapendelea watu wa kwao. Kutofautiana si kosa. Kosa ni kuinyamazia tofauti hiyo mpaka watu wengine wakaijaza maneno yao wenyewe. Na hapa kwetu, ndugu msomaji, maneno ya kujazia hayakosekani kamwe.

Hebu niwarudishe nyuma kidogo. Ilikuwa fainali ya madarasa, Kidato cha Tatu dhidi ya Kidato cha Nne. Jua la Garissa lilikuwa limetuchoma tangu asubuhi, na baada ya sala ya alasiri upepo ukaanza kuvuma, ukileta vumbi kutoka upande wa kichaka cha mathenge. Wanafunzi walijaa pembeni mwa uwanja, wengine wamepanda juu ya tangi kuukuu la maji ili waone vizuri. Refa alikuwa mwalimu wetu mmoja, mtu wa heshima zake, aliyejifunza kazi ya kipenga miaka mingi iliyopita. Washika vibendera tulikuwa wawili, sote wa Kidato cha Pili, ili asitokee mtu wa kusema tunapendelea darasa letu. Na kwa kuwa magoli yetu hayakuwa na nyavu, mwalimu kijana aliyekuja shuleni kwa mazoezi ya ualimu aliwekwa nyuma ya goli awe mwamuzi wa akiba na ahakikishe mpira umepita ndani ya milingoti. Mtaona kuwa maandalizi yalikuwa mazuri tu. Kumbe!

Zilikuwa zimesalia kama dakika kumi, bado ni sare tasa. Kiungo wa Kidato cha Nne akaupata mpira nje kidogo ya boksi, akapiga shuti la chini chini. Wakati anapiga, mwenzake mmoja alikuwa amesimama mbele ya kipa, hatua mbili hivi, nyuma ya walinzi wote. Jamaa huyo hakuugusa mpira. Aliupanulia miguu tu, ukapita katikati, ukamwacha kipa amesimama kama mlingoti wa tatu. Bao!

Mimi nikainua kibendera. Refa alikuwa tayari amepuliza kipenga na kuonyesha katikati ya uwanja, lakini aliponiona akaja mbio.

"Umeona nini?"

"Alikuwa ameotea, mwalimu. Yule aliyesimama mbele ya kipa."

"Ameugusa mpira?"

"La, mwalimu. Hakuugusa."

"Basi kibendera cha nini? Asiyegusa hajacheza. Bao ni bao."

Mwalimu kijana naye akatoka nyuma ya goli akasema, kwa sauti ya chini lakini sisi tulio karibu tulimsikia, "Samahani mwalimu, lakini amemziba kipa. Kipa hakuuona mpira ukija." Refa akatikisa kichwa, akarudi katikati. Mchezo ukaisha 1-0.

Waamuzi watatu, rai tatu! Mimi nilisema ameotea kwa sababu ya mahali aliposimama. Refa alisema hajaotea kwa sababu hakuugusa. Mwalimu kijana alisema ameotea kwa sababu alimziba mwenziwe macho. Na watazamaji, ambao hawakusikia hata neno moja la mazungumzo hayo, waliona vidole vikioneshana na vichwa vikitikiswa tu. Basi wakaanza kuulizana swali ambalo kila mtu wa mkoa huu analijua. Hawakuuliza sheria inasema nini. Waliuliza, "Kwani refa ni wa kwao nani?"

Swali hilo lilifika bwalo la chakula kabla ya maharagwe. Usiku ule watu waliozoea kula sinia moja walikaa meza mbalimbali. Mmoja akasema refa na mfungaji wa bao ni watu wa ukoo mmoja. Mwingine akajibu kuwa hata mshika kibendera, yaani mimi, niliinua kibendera kwa kuwa binamu yangu anachezea Kidato cha Tatu. Kabla ya muda wa masomo ya usiku mishipi ilikuwa imevuliwa, na si kwa kulala. Wanafunzi wawili walipelekwa nyumbani kwa wiki moja, na mmoja wao alikuwa amebakiza miezi michache tu afanye mtihani wake wa mwisho. Hayo yote kwa ajili ya mpira ambao haukuguswa!

Binamu yangu naye hakunisamehe upesi. Alinijia kesho yake akaniambia, "Wallahi wewe umeniangusha. Kama uliona ameotea, mbona uliteremsha kibendera? Mtu wa damu yako mwenyewe!" Nilishindwa kumjibu. Kwake yeye, kibendera changu kilikuwa cha ukoo, na nilipokiteremsha nilimsaliti. Hapo ndipo niliposhtuka. Niliona kuwa hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na haki au sina. Walichotaka kujua ni mimi ni wa nani.

Sasa tuiangalie sheria yenyewe, maana wengi wetu tunaipigia kelele bila kuisoma. Sheria ya 11 ya soka ndiyo ya kuotea. Ina sehemu mbili, na hapo ndipo watu wanapopotea. Sehemu ya kwanza ni ya mahali. Mchezaji yuko mahali pa kuotea ikiwa, wakati mwenzake anapoucheza mpira, yeye yuko katika nusu ya wapinzani na yuko karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Akiwa sambamba na mpinzani huyo hajaotea, na hilo liliwekwa mwaka wa 1990. Hii ni kazi ya macho. Mwenye macho mazuri na aliyesimama pazuri ataipatia.

Sehemu ya pili ni ya kuingilia. Kusimama mahali pa kuotea si kosa peke yake. Huwa kosa mchezaji huyo anapouingilia mchezo kwa kuucheza au kuugusa mpira, au anapomwingilia mpinzani, au anapofaidika kwa mpira uliorudi kutoka kwenye mlingoti, au kwa mwamuzi, au kwa mpinzani. Na kumwingilia mpinzani kuna namna zake: kumziba waziwazi asiuone mpira, kugombea naye mpira, kujaribu waziwazi kuucheza mpira ulio karibu kwa namna inayomwathiri mwenzake, au kufanya kitendo cha wazi kinachomzuia asiweze kuucheza. Maneno haya yamekuwa yakibadilishwa mara kwa mara. Mwaka wa 2005 ilifafanuliwa kuwa kuuingilia mchezo maana yake ni kuucheza au kuugusa mpira. Mwaka wa 2013 maelezo ya kumwingilia mpinzani yakapunguzwa, na mwaka wa 2016 yakaongezwa mengine. Je, mtu aliyejifunza sheria mwaka mmoja na mwenziwe aliyejifunza miaka ishirini baadaye, wakikutana uwanjani bila kuzungumza, watakosaje kutofautiana?

Hebu turudi kwenye bao letu. Mimi nilikuwa nimeshika sehemu ya kwanza ya sheria nikaisahau ya pili. Huo ndio mpira tuliocheza vichochoroni, ambako ukisimama nyuma ya walinzi tu umeotea, kwisha maneno! Refa alishika kipande kimoja cha sehemu ya pili, kile cha kugusa, akasahau kile cha kumziba mpinzani. Mwalimu kijana ndiye aliyeshika kipande kilichohusika siku ile, lakini alikuwa mgeni na mdogo wa umri, akasema mara moja kwa sauti ya chini akanyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa na theluthi ya sheria, na hakuna aliyekuwa mwizi.

Utaniambia, "Hayo ni ya shule ya vumbi, huko kwa wakubwa hayapo." La hasha! Tarehe 14 Januari 2023, katika uwanja wa Old Trafford, Manchester United walicheza na Manchester City. United walikuwa nyuma kwa bao moja. Katika dakika ya 78 mpira ukapenyezwa mbele, na Marcus Rashford, aliyekuwa mahali pa kuotea, akaukimbilia. Aliukimbilia kabisa, ukawa karibu na miguu yake, walinzi wa City wakimwangalia yeye. Lakini hakuugusa. Bruno Fernandes akatokea nyuma akaupiga wavuni. Mshika kibendera akainua kibendera. Refa Stuart Attwell akaenda kuzungumza naye, kisha akalikubali bao. United wakashinda 2-1, na mpaka leo ukiwakalisha mashabiki kumi kwenye kibanda cha chai hapa mjini utapata rai kumi na moja. Hao ni waamuzi wanaolipwa mishahara, wenye vyombo vya kusikilizana masikioni na video ya kurudia, na bado kibendera kilisema hivi na kipenga kikasema vile.

Si soka peke yake. Dada zetu waliocheza raunda katika shule za msingi wanajua ugomvi wa mtu kuzuiwa njia anapokimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine. Marekani wana mchezo unaofanana na raunda, unaoitwa beseboli, na waamuzi wake hutofautiana sana juu ya jambo hili hili la kuingiliana. Wao wameligawa mara mbili: upande unaopiga ukiwaingilia wanaodaka mpira ni kosa moja, na upande unaodaka ukimzuia anayekimbia ni kosa jingine. Tarehe 26 Oktoba 2013, katika mchezo wa tatu wa fainali kuu yao, St. Louis na Boston walikuwa 4-4 mwishoni kabisa. Mlinzi wa Boston, Will Middlebrooks, alijirusha kudaka mpira katika kituo cha tatu, ukampita, akabaki amelala chini. Mkimbiaji wa St. Louis, Allen Craig, akajikwaa juu yake. Mwamuzi Jim Joyce akaamua kuwa mkimbiaji amezuiwa njia, akapewa pointi, na mchezo ukaishia hapo, 5-4.

Watu wa Boston walipiga kelele kwamba Middlebrooks hakukusudia, angeyeyukia wapi mtu aliyeanguka? Lakini sheria ya kosa hilo haiulizi kukusudia. Inauliza tu kama mkimbiaji alizuiwa na mtu asiye na mpira. Waamuzi wakaeleza hivyo hadharani, na watu wakaelewa walichokuwa wakibishania hata kama hawakukipenda. Na Boston? Hawakususia, hawakuvua mishipi. Walirudi uwanjani wakashinda michezo iliyofuata, wakatwaa kombe la mwaka ule.

Basi na sisi tuna kesi zetu ambazo Old Trafford haitaziona. Mbuzi! Nani kati yetu hajaona mbuzi akikatiza uwanja wakati wa mechi? Katika mechi moja ya kirafiki, mpira uliokuwa ukielekea golini ulimgonga mbuzi ukabadili njia na kumpita kipa. Refa wa siku hiyo alisema ni bao, mshika kibendera akasema mpira udondoshwe, na kapteni wa wageni akasema mbuzi ni wa shule yetu, kwa hiyo ni mchezaji wetu wa kumi na mbili! Tulicheka mpaka machozi, lakini jibu hatukulijua. Wakubwa nao walipatwa na mbuzi wao. Tarehe 17 Oktoba 2009, Sunderland walifunga Liverpool bao moja, na bao lenyewe lilitokana na shuti la Darren Bent lililogonga puto kubwa la kuchezea ufukweni, lililorushwa uwanjani na watazamaji. Refa Mike Jones alilikubali, ilhali kwa sheria alitakiwa kusimamisha mchezo na kuudondosha mpira. Matokeo yakabaki 1-0. Sheria ya leo inasema kwamba kitu cha nje kikiugusa mpira unaoingia golini, bao linaweza kukubaliwa ikiwa kitu hicho hakikumzuia mlinzi kuucheza mpira, na ikiwa hakikutoka kwa upande unaoshambulia. Kwa hiyo mbuzi wetu angetakiwa kuulizwa swali moja tu: je, amemzuia kipa? Kwa kuwa aliubadili mpira njia ukampita kipa, mimi naona mpira ungedondoshwa. Wewe msomaji pengine unaona vingine. Vyema! Tubishane leo, tukiwa tumekaa, kuliko siku ya fainali.

Na hilo ndilo pendekezo langu. Kwanza, kabla ya kila mashindano, waamuzi wote na makapteni wakae nusu saa, waisome Sheria ya 11 na ile ya kuunawa mpira, na wakubaliane jinsi watakavyozifuata. Wakubaliane pia juu ya mbuzi, juu ya vumbi likizidi, na juu ya magoli yasiyo na nyavu. Pili, refa akishaamua jambo zito, amwite kapteni wa kila upande amwambie sababu kwa sentensi moja. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka wa 2024 kule Ujerumani waliweka utaratibu kuwa kapteni peke yake ndiye atakayemkaribia refa na kuelezwa, na wengine wakae mbali. Tatu, uamuzi ukishatolewa uwe umetolewa. Kama mshika kibendera au mwamuzi wa akiba ana rai tofauti, aiandike baada ya mchezo, isomwe kwenye kikao, watu wajifunze. Isiende bwaloni.

Najua kuna watakaopinga. Mwalimu mmoja aliniambia, "Kijana, refa akianza kujieleza, heshima yake imekwisha. Leo ataeleza, kesho atabishiwa." Namheshimu sana mwalimu huyo, na neno lake lina ukweli ndani yake. Refa anayejieleza kila dakika hataweza kuendesha mchezo. Lakini mimi sisemi ajadiliane. Nasema atoe sababu. Katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka wa 2023, refa akishaangalia video alitangaza uamuzi wake kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. Heshima yake ilipungua wapi? Kinachovunja heshima ya refa ni pengo la kimya. Likiachwa wazi, mtu wa kwanza kulijaza ni yule anayeuliza refa ni wa kwao nani.

Tena, tusijidanganye kuwa waamuzi wote ni malaika. Mwaka wa 2018 Mkenya mmoja aliyekuwa ameteuliwa kuwa mwamuzi msaidizi katika Kombe la Dunia hakwenda, baada ya kuonekana katika video akipokea pesa. Hongo ipo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo inatupasa tujue kutofautisha. Tukimwita kila refa anayetofautiana nasi mla hongo au mtu wa ukoo fulani, siku mwizi wa kweli akija hatutamtambua, maana jina lake tutakuwa tumelimaliza kwa watu wasio na hatia.

Na jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wakiketi chini ya mti kuamua kesi kwa xeer, husikiliza upande huu na upande ule, hukumbushana kesi kama hiyo iliamuliwa vipi zamani, na hutoa sababu mbele ya watu. Wazee wenyewe hutofautiana, na hakuna anayeona ajabu. Mwaka wa 1993, baada ya mapigano ya koo yaliyomwaga damu huko Wajir, akina mama wa sokoni walianza kukaa pamoja na kusema waziwazi yaliyokuwa yakinong'onwa. Vijana na wazee wakajiunga, na mwezi wa Septemba mwaka huo wazee wa koo wakatoa Azimio la Al-Fatah la kukomesha mapigano. Mmoja wa akina mama hao, marehemu Dekha Ibrahim Abdi, alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007. Ikiwa watu waliozikana wanaweza kukaa wakaelezana, sisi tunashindwaje kukaa nusu saa juu ya mpira?

Nimalizie kwa kukiri langu. Nilikosea siku ile. Niliinua kibendera kwa haraka, kwa kuangalia mahali tu, na nilipoulizwa na refa nilijibu nilichoulizwa nikanyamaza. Nilipaswa kusema, "Hakuugusa mwalimu, lakini alikuwa mbele ya macho ya kipa." Nilikuwa nimeliona hilo. Sikujua kuwa ni sheria. Kwa hiyo naamini bao lile halikuwa halali, na bado naamini Kidato cha Nne walishinda, kwa sababu refa aliamua alivyoelewa na uamuzi ni wake. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika kichwa kimoja bila kupigana, na mimi nimeyakalisha.

Wiki tatu baadaye nilikipata kitabu cha sheria kutoka kwa mwalimu kijana, nikampelekea refa wetu katika chumba cha walimu, huku nikitetemeka kidogo. Alivaa miwani yake, akasoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akafunga kitabu akaniambia, "Alisema kweli yule kijana. Ningemwita karibu nikamsikiliza." Akakaa kimya, halafu akaongeza, "Na wale wawili waliopelekwa nyumbani?" Nikamwambia wamesharudi, ila hawasemezani. Akasema, "Basi hiyo ndiyo mechi iliyobaki."

Wenzangu, mashindano ya mwaka huu yanakaribia. Binamu yangu na mimi tumepatana. Tulikaa juu ya tangi la maji jioni moja nikamchorea mchangani kwa kijiti alivyosimama kipa, mlinzi na mshambuliaji, akaangalia muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo refa hakutuonea?" Nikamwambia, "Alikosea, hakutuonea." Akacheka. Ningependa sana kila mmoja wetu ayajue maneno hayo mawili na umbali ulio baina yake, kabla kipenga cha kwanza hakijapulizwa.

Aliye na rai tofauti aiandike. Jarida hili ni letu sote.